Mzee Kalaba Hatii Sahihi

Rigobert Kalaba hatii sahihi karatasi yoyote ile, na mtaa mzima wa Katuba, au tuseme ile sehemu ya Katuba inayomjua, imechoka kumbembeleza. Wagawa vyandarua walipopita na fomu yao aliwarudishia chandarua, akaendelea kulala na mbu wake. Parokia ilipotaka orodha ya watakaosaidia kuezeka chumba cha katekisimu, alibeba bati mbili kichwani mwake mwenyewe, akazitua mlangoni kwa padri, na akakataa katakata kuandikwa popote kwamba amezileta. Siku ya ndoa yake, akiwa ndani ya suti ya kuazima, mbele ya wasimamizi na kwaya, alisukuma kalamu kando akaomba wino wa muhuri ili apige kidole gumba. Benita, bibi harusi, alitamani ardhi immeze.

"Kidole iko yangu," bwana harusi alimnong'oneza, "lakini kalamu iko yabo, benye karatasi."

Msidhani hajui kuandika. Jina lake analiandika vizuri, tena lina mkia chini uliopinda kama ndoana ya kuvulia samaki. Shida ni kwamba siku moja aliliandika.

Wakati huo alikuwa kijana wa kampuni ya migodi, kama baba yake aliyetoka kaskazini mwa Katanga kuja kuchimba shaba. Asubuhi moja wafanyakazi waliitwa wapange foleni mbele ya meza. Nyuma ya meza alikaa karani mwenye miwani, na mbele ya karani lilikuwa rundo la karatasi za Kifaransa. Rigobert alikuwa ameishia mwaka wa nne wa shule ya msingi. Kusoma alisoma, lakini pole pole na kwa kidole, na Kifaransa cha karatasi ile kilimpita kabisa. Aliuliza inasema nini. Karani alijibu kwamba ni mambo ya kawaida tu, na wenzake wanangoja. Kisha akamtajia herufi moja moja maneno ya kuandika kwa mkono wake juu ya sahihi: Lu et approuvé. Yaani, imesomwa na kukubaliwa. Rigobert akaandika kwa uangalifu, hata akajivunia mwandiko wake. Wiki iliyofuata mlinzi alimzuia getini. Jina lake lilikuwa miongoni mwa walioomba wenyewe kuacha kazi.

Miaka zaidi ya ishirini imepita. Nakala ya karatasi ile ipo mpaka leo katika sanduku la bati chumbani, chini ya koti la marehemu baba yake. Yeye anaishi kwa kukata na kugonga bati za mapipa ya zamani, anatengeneza mbabula, yale majiko ya makaa ambayo mama wote wa mtaa wanapikia bukari, yaani ugali. Kazi inamtosha. Lakini mtu akimsalimu kwa tabasamu lililozidi kidogo, Mzee Kalaba hujiuliza huyu anataka nini.

Sasa mtu wa namna hiyo mwambie habari ya jurnali.

Jurnali ni daftari dogo ambamo mwanafunzi anaandika kila siku masomo ya kufanyia nyumbani. Binti yake wa mwisho, Léa, mwenye miaka kumi na moja, alikuwa ameingia mwaka wa sita, mwaka wa mtihani wa taifa. Mwezi wa kwanza tu wa masomo, mwalimu wake, kijana mmoja mwembamba anayeitwa Aristote, aliita wazazi darasani. Wakakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa mbao.

"Bazazi, minaomba kintu moja tu," alisema Aristote. "Kila mangaribi, muikale na mutoto nusu saa. Asome, mumusikilize. Kisha musinye mu jurnali, nijue ya kama mulikuwa pamoja."

Kusinye, yaani kutia sahihi! Mzee Kalaba alisimama palepale.

"Maître, ile nusu saa ni kazi ya nani? Yako ao yangu?"

Watu walicheka. Aristote naye alicheka, akajibu kwamba ni kazi yao wote. Mzee Kalaba hakucheka. Alimtazama kijana yule kuanzia viatu mpaka kola ya shati. Mwalimu anayekuomba umsaidie kufundisha, halafu umtilie sahihi kwamba umefundisha! Siku mtoto akianguka mtihani, karatasi itasema nani alikuwa mwalimu? Aliona wazi mtego ulipotegwa, akashangaa jinsi wenzake walivyokuwa wakitikisa vichwa kukubali.

Alirudi nyumbani akatoa amri mbele ya sufuria ya mboga ya lengalenga. "Mu hii nyumba, hakuna muntu atasinye kintu. Mama Léa, umesikia?"

"Nilisikia tangu siku ya ndoa," Benita alimjibu.

Kulikuwa na sababu nyingine, na hiyo hakumwambia mtu. Aliogopa ile nusu saa yenyewe. Aliogopa kukaa karibu na binti yake, daftari likiwa wazi kati yao, naye mtoto agundue kwamba kidole cha baba kinakwama pale ambapo macho yake yeye yamekwisha kupita. Heri mtoto adhani baba yake ni mkali kuliko ajue kwamba hawezi.

Basi miezi ikapita. Mvua zikaanza, Noeli ikaja ikaenda, na shule haikusema neno. Hakuna barua, hakuna mwalimu aliyekuja kugonga. Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa amani. Mzee Kalaba ilimkera. Mwezi wa pili alisikia kwamba mtoto wa nyumba ya tatu amerudishwa kutoka shuleni, ati jurnali yake haina sahihi ya mzazi kwa siku mbili. Siku mbili tu! Na Léa, ambaye hajasainiwa tangu Oktoba, mbona anaingia darasani kila siku na viatu vimepigwa rangi?

Jumamosi mchana, Léa alipokwenda kuchota maji, baba mtu alifungua mkoba wake. Alijiona kama mwizi ndani ya nyumba yake, lakini alifungua. Akaikuta jurnali, akaifungua ukurasa wa kwanza.

Chini ya masomo ya siku, kwa wino wa bluu: Lu et approuvé. Na chini yake, jina lake lenye mkia wa ndoana.

Aligeuza ukurasa wa pili. Wa tatu. Wa kumi. Kila siku, tangu Oktoba, bila kukosa hata moja. Mwandiko ulikuwa wake kabisa, tena wa ujanani mwake, kabla nyundo haijamkakamaza vidole. Mzee Kalaba aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Kuna mtu alikuwa na mkono wake, na kama aliutumia kwenye jurnali, ameutumia wapi pengine? Kwenye kiwanja? Kwenye deni la mtu fulani? Aliirudisha jurnali vilevile ilivyokuwa, na kamba ya mkoba akaifunga kama alivyoikuta.

Alianza na aliye karibu. Benita alikuwa nyuma ya nyumba, anafunga mafungu ya mboga kwa ajili ya soko.

"Mama Léa, ni weye njo ulisinye?"

"Nisinye nini?"

"Uniambie kweli."

Benita alinyoosha viganja vyake vya kijani. "Hii mikono? Inajua kufunga lengalenga tu. Baba Léa, uko mugonjwa?"

Alimtazama sana, akamwondoa katika hesabu, lakini si moja kwa moja. Jumapili baada ya misa alimwendea Djo, jirani mwenye meza ndogo kando ya barabara, anayewaandikia watu barua za kuomba kazi. Djo ana mwandiko wa kuvutia na uso usioonyesha kitu, na mambo hayo mawili kwa pamoja Mzee Kalaba hakuyapenda kamwe. Alimwomba amwandikie jina lake juu ya kipande cha karatasi, ati anataka kulichora kwenye mbabula. Djo akaandika. Halikufanana hata kidogo. Mzee Kalaba akamwambia aandike tena, haraka haraka, bila kufikiri.

"Mzee," Djo alisema akiweka kalamu chini, "unanitafuta nini? Mi naandikaka barua za bantu. Siandikake sinyature za bantu."

Nani alikuwa amemtajia neno sinyature? Usiku ule Mzee Kalaba aligeuka kitandani mpaka Benita akamwambia achague upande mmoja.

Akabaki mtu mmoja tu wa kufaidika. Mwalimu. Kijana yule alihitaji sahihi za wazazi ili mkuu wa shule amwone anafanya kazi. Asipozipata, kwa nini asijiandikie? Kadiri alivyolifikiri ndivyo lilivyomkaa vizuri. Jumatatu Léa alipotoka shule na kukaa kula, baba yake aliichomoa jurnali, akaifunga kwa karatasi ya mfuko wa saruji, akaiweka ndani ya shati, na akaenda kwa miguu mpaka shuleni. Hakupanda kitu. Alitaka kufika akiwa na hasira yake nzima.

Aristote alikuwa peke yake darasani, anasahihisha. Alipomwona aliinuka upesi mno, akafuta kiti kwa kiganja.

"Papa Kalaba! Karibu, Papa. Nilijua utakuya siku moja."

"Ulijua juu ya nini?"

Kijana alipanga upya daftari zilizokuwa zimepangwa. "Mzee, kati ya bazazi makumi ine na mbili, ni weye moja tu njo unaandikaka Lu et approuvé. Bengine banakwaruza tu. Nikasema, huyu papa iko muntu wa sheria. Njo maana nasahihishaka daftari ya Léa mara mbili."

Mzee Kalaba alikuwa amekuja kumshika mtu, akamkuta mtu huyo anamwogopa yeye. Mwalimu hakuwa mwizi. Mwizi haogopi sahihi aliyoiandika mwenyewe. Lakini alikuwa amewaza mno bila kujibu, kwani alipoinua macho alimwona Aristote anaitazama jurnali iliyofungwa kwa karatasi ya saruji, kisha mikono ya Mzee Kalaba yenye makovu ya bati, kisha jurnali tena. Shaka ilikuwa imevuka meza, sasa ilikuwa upande wa pili.

"Mzee," Aristote alisema pole pole, "hizi sinyature ziko zako?"

Kisha akaeleza, bila ukali, kama mtu anayesoma tangazo. Mwaka huu mkuu wa shule ameweka sheria. Mtoto anayeghushi sahihi ya mzazi anafukuzwa, na jina lake haliendi kwenye orodha ya mtihani wa taifa. Wawili walikwisha ondoka kabla ya Noeli.

Hapo ndipo Mzee Kalaba alipojua. Alikuwa amewatuhumu wote, mke, jirani na mwalimu, na hakumfikiria hata mara moja yule aliyekuwa anaubeba mkoba. Léa. Akisema si zake, anasema kweli, na mtoto anarudi nyumbani kufunga mafungu ya lengalenga. Akisema ni zake, anaweka jina lake chini ya kurasa mia moja ambazo hakusoma hata moja. Kwa mara ya pili maishani. Na safari hii hakuna karani wa kumsingizia.

"Ziko zangu," alisema.

Aristote alimsogezea kalamu. "Basi ya leo bado haiko. Unaweza kuisinye hapa?"

Mkono haukuwa umeandika jina lile kwa zaidi ya miaka ishirini. Herufi ya K ilianguka kifudifudi, na ndoana, ile ndoana maarufu, ikatoka kama msumari uliogongwa vibaya. Wote wawili waliitazama. Sahihi ya kweli ilikuwa mbaya kuliko zote katika daftari lile.

"Mukono imechoka," alisema Mzee Kalaba.

"Ndiyo, Mzee. Imechoka." Aristote alifunga jurnali, lakini hakumrudishia macho. "Kesho saa moja na nusu ukuye na Léa. Utaniambia, weye mwenyewe, somo la leo linasema nini. Kisha nitajua."

Léa alikuwa anamngoja uani, mkoba wake wazi miguuni. Ilikuwa saa kumi na moja, jua bado lipo juu ya bati na mbabula zilizopangwa kando ya ukuta. Alipoiona jurnali mkononi mwa baba yake hakukimbia. Alianza kulia bila sauti.

"Nani alikufundisha sinyature yangu?"

Mtoto aliingia ndani, akarudi na karatasi ya sanduku la bati. Mikunjo yake ilikuwa imechakaa kwa kufunguliwa mara nyingi, na si na mwenyewe.

"Njo mwandiko yako moja tu iko mu nyumba, Papa," alisema. "Nilikuwa nainakili tangu mwaka wa tatu. Nilizania bantu bakubwa banaandikaka vile, kama banamaliza kusoma."

"Na miye nilisoma nini? Nilisikiliza nini? Uliandika uongo kila siku, Léa!"

Hapo mtoto aliacha kulia. Alimtazama baba yake kama mtu aliyeonewa.

"Hapana. Nilikuwa nasoma kila siku, kwa sauti. Nyuma yako, pale kwa mabati. Weye ulikuwa napiga nyundo, mi nasoma. Haukunikatazaka hata siku moja."

Alikumbuka. Ile sauti nyembamba nyuma ya nyundo, kila jioni, miezi yote ile. Alidhani anaimba, au anasali, au anacheza peke yake kama watoto wanavyocheza. Mara nyingine, akitaka kulisikia pigo lake vizuri, alikuwa anagonga kwa nguvu zaidi. Akavuta ndoo akaketi, na kwa mguu akamsogezea binti yake ndoo nyingine.

"Hii karatasi," alisema, "unajua inasema nini?"

"Kidogo."

"Unisomee. Yote. Kwa Kiswahili."

Léa alifuta macho, akaanza. Alikwama hapa na pale, akarudi nyuma, akaendelea. "Inasema: Miye, Kalaba Rigobert, naomba, miye mwenyewe, niache kazi."

"Ile najua. Endelea."

"Inasema hautadai kintu ingine." Kidole chake kilishuka mstari mmoja, kikasimama. Alisoma kimya kwanza, midomo ikitikisika. "Inasema: Natambua ya kama hii barua balinisomea yote, mu luga yangu, na niliisikia muzuri."

Miaka yote hiyo Mzee Kalaba alijua walichomchukulia. Hakujua kwamba walimwandikisha pia kuwa alisomewa. Alitaka kucheka, na kicheko kilipofika kooni kikageuka machozi, akayaacha yatoke mbele ya mtoto.

"Papa? Balikusomea?"

"Hapana." Alijifuta kwa mkono wenye masizi. "Ni leo njo nasomewa. Ni weye njo umenisomea."

Aliichukua karatasi, akaikunja, akaiweka ndani ya shati. Kisha akasema kwamba kwa mwalimu kesho watakwenda, na kwamba sinyature yake aiache, asiiguse tena mpaka afe. Léa akaapa. Halafu baba akamwambia afungue somo la leo.

Lilihusu madini. Léa alisoma kwa Kifaransa, akaeleza kwa Kiswahili, na baba yake akamsimamisha kila baada ya neno kama polisi wa barabarani. Hii inataka kusema nini? Nani alisema? Soma tena. Kidole chake kilifuata cha mtoto, kikachelewa, kikakwama, na Léa alikingoja. Benita aliita bukari mara mbili, akajibiwa na mkono uliopunga bila uso kugeuka. Walipofika mwisho Mzee Kalaba alirudi peke yake mwanzo, kwa kidole, mpaka mstari wa nne. Akabaki hapo. Akauliza, "Hii mustari umeeleza muzuri?" Léa akaapa kwamba ndivyo ulivyo.

Ndipo akashika kalamu. Aliandika *Lu*. Akaweka nukta, akatia sahihi yake mbaya, na akafunga jurnali.

Asubuhi, kabla ya kengele, Aristote aliifungua juu ya meza yake. Léa alibaki mlangoni, mkono mmoja juu ya fremu, kama mtu asiyejua kama bado ana haki ya kuingia. Mwalimu aliitazama sahihi ya jioni iliyopita, iliyopinda kama ile ya mchana wake. Akageuza nyuma, kwenye zile nzuri za miezi mitano. Akarudi mbele. Alikuwa amekwisha kujua, na Mzee Kalaba aliona kwamba amejua.

"Hapa kuko Lu tu," alisema Aristote. "Approuvé iko wapi, Mzee?"

Mzee Kalaba alitia mkono mfukoni, akatoa kipande cha bamba la zamani, akakiweka juu ya jurnali. Kilikuwa na rangi ya kijani pande zote, isipokuwa pale alipokikwaruza kwa msumari, ambapo kilimetameta wekundu.

"Somo inasema chuma inakuliwa na kutu," alisema, "na shaba inabakia vile vile, haigeukake. Mustari ya ine. Hii ni shaba, Maître. Ilikuwa mu nyumba ya baba yangu, inje, mu mvua. Angalia rangi. Mi nilisoma. Kukubali, bado."

Aristote aliutafuta mstari wa nne akausoma. Akalishika lile bamba, akaligeuza, akalikwaruza kwa ukucha. Muda ule wote Léa hakuondoa macho yake usoni mwa baba yake.

"Tutaisahihisha leo mu kalasi," mwalimu alisema mwishowe. Akafunga jurnali, akaisukuma mpaka ukingo wa meza. "Léa, kamata jurnali yako. Ingia, ikala."

Mtoto aliingia, akapita katikati yao, akakaa dawati la pili.

"Na weye, Mzee, ikala kidogo. Batoto bafike, ubaoneshe hii."

Alimwonyesha dawati la mbele. Mzee Kalaba aliangalia kwanza kama juu yake kuna karatasi yoyote. Hapakuwa na kitu. Akakaa.